Mstari wa Amri na Wasomaji Wake Wawili

Kazi nyingi za kompyuta siku hizi hufanywa kwa kugusa picha kwenye kioo. Hata hivyo, njia ya zamani ya kuiagiza kompyuta kwa maandishi haijaachwa katika maabara, katika vyuo na katika vyumba vya mitambo. Mtu huandika mstari mmoja kwa kibodi, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na kompyuta hutenda. Mstari huo huitwa mstari wa amri. Faida yake ni kwamba huweza kuandikwa katika daftari na kurudiwa kesho bila kubadilika, na huweza kuwekwa katika faili ili kazi ile ile ifanyike mara elfu bila mtu kukaa mbele ya kioo.

Lakini mstari wa amri una lugha yake, na lugha hiyo hubuniwa na watu. Anayetunga programu ndiye anayeamua watumiaji waandike nini ili programu yake iwaelewe. Akiamua vibaya, mtumiaji huandika jambo moja na kompyuta hutenda jingine, na pengine faili ambayo haina nakala hupotea. Makala haya yanaeleza namna ya kubuni lugha hiyo, kwa mifano ya majina na vipimo vya eneo la Mlima Meru.

Mfano wa kazi

Mlima Meru unasimama kaskazini mwa jiji la Arusha, na kilele chake kimepita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi, na ndiko kwenye migomba na kahawa. Upande wa kaskazini na magharibi ni mkavu. Kwa hiyo vijiji viwili visivyo mbali sana huweza kupata mvua zinazotofautiana sana katika masika ile ile. Hii ni kazi nzuri ya sayansi kwa shule: kila shule ikiwa na kipimamvua kimoja na daftari moja, tofauti hizo huonekana wazi baada ya miaka michache.

Ichukuliwe kuwa shule kadhaa za Wilaya ya Meru zimekusanya vipimo hivyo katika faili, na kwamba mwanafunzi mmoja ametunga programu ya kuvijumlisha, akaiita *mvua*. Mtumiaji anayetaka jumla ya mvua ya Tengeru kwa mwaka 2019 huandika hivi:

mvua --kituo Tengeru --mwaka 2019 vipimo.txt

Neno la kwanza ni jina la programu. Maneno yanayoanza na vistari, yaani *--kituo* na *--mwaka*, huitwa machaguo. Kila chaguo hapa hufuatwa na thamani yake. Neno la mwisho ni jina la faili inayosomwa. Mstari huu husomeka hata kwa mtu ambaye hajauona mwongozo wa programu. Matatizo huanza pale *Tengeru* inapobadilishwa kuwa jina la mahali pengine.

Safari ya mstari

Mtu anapoandika amri hudhani kuwa anazungumza moja kwa moja na programu aliyoitaja. Sivyo ilivyo. Kati yake na programu hiyo yuko msomaji mwingine, ambaye ni programu iitwayo sheli. Asili ya jina hilo ni neno lenye maana ya ganda, kwa kuwa sheli huzunguka kiini cha mfumo endeshi kama kifuu kinavyozunguka nazi.

Kazi ya sheli yafanana na ile ya karani wa masijala katika ofisi ya serikali. Barua haifiki mezani kwa ofisa kama ilivyotoka posta. Karani huifungua, huisoma, huigonga mhuri na kuiweka katika jalada linalohusika, na ndipo ofisa huipata. Kadhalika sheli, kabla ya kuiita programu, huufanyia mstari mambo yafuatayo:

(a) Huukata mstari kuwa maneno, mpaka wa maneno ukiwa ni nafasi.

(b) Hutafuta alama za mtajo. Kilichomo kati ya ritifaa mbili, au kati ya alama mbili za mtajo, huhesabiwa kuwa sehemu ya neno moja hata kikiwa na nafasi ndani yake.

(c) Hutii alama zilizo amri kwake. Alama > huelekeza matokeo kwenye faili, alama | huunganisha programu mbili, alama ; hutenganisha amri moja na nyingine, na alama & huiacha kazi iendelee nyuma ya pazia.

(d) Hupanua vifupisho. Alama $ ikifuatwa na jina hubadilishwa kuwa thamani iliyohifadhiwa chini ya jina hilo. Alama ~ mwanzoni mwa neno hubadilishwa kuwa folda ya mtumiaji. Kinyota * hubadilishwa kuwa majina ya faili zilizomo katika folda.

(e) Huondoa alama za mtajo zilizokwisha kufanya kazi, kisha huikabidhi programu orodha ya maneno.

Jambo la mwisho ndilo msingi wa somo hili. Programu haiuoni mstari ulioandikwa na mtu. Huiona orodha ya maneno iliyotengenezwa na sheli. Haiwezi kujua kama neno fulani lilikuwa na alama za mtajo, wala kama orodha ndefu ya majina ya faili iliandikwa jina kwa jina au ilitokana na kinyota kimoja. Kwa hiyo lugha nzuri ya machaguo ni ile inayopita kwa msomaji wa kwanza bila kuharibika, ikamfikia wa pili kama mwandishi alivyokusudia.

Asili ya mpango huu

Mpango huu ulitokana na mfumo wa Unix, ambao Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kuutunga mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotolewa mwaka 1979 pamoja na toleo la saba la Unix, ndiyo iliyoweka desturi zinazofuatwa na sheli nyingi za leo. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imefuata njia hiyo hiyo. Si mifumo yote iliyofuata. Katika MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, sheli haikupanua kinyota, na kila programu ilijipanulia yenyewe. Faida ya mpango wa Unix ni kwamba kinyota kina maana moja kwa programu zote. Gharama yake ni kwamba mtunga programu hana budi kuifahamu sheli.

Hapo mwanzo kila mtunga programu wa Unix alibuni lugha yake. Programu ya *tar* ilipokea herufi zisizo na kistari. Programu ya *dd* ilipokea maneno kama *if=* na *of=*. Programu ya *find* ilitumia mabano na nukta mkato, alama ambazo sheli huzidai kuwa zake, na mpaka leo mtumiaji wa *find* hulazimika kuzikinga kwa mkwaju wa kinyume, akiandika \( na \) na \; kila mara.

Ili kuondoa fujo hiyo, kampuni ya AT&T ilitunga kipande cha programu kiitwacho *getopt*, ambacho husoma machaguo kwa namna moja, na mwaka 1985 ikakitoa kitumiwe na watu wote. Kanuni zilizoambatana nacho ziliingizwa mwaka 1992 katika kiwango cha POSIX. Kwa kanuni hizo chaguo ni kistari kimoja na herufi moja, kama *-k*. Mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ulieneza machaguo marefu yaanzayo na vistari viwili, kama *--kituo*. Kistari kilifaa kwa kuwa si alama ya amri kwa sheli. Hupita kwa karani bila kuguswa.

Ritifaa ya King'ori

Kiswahili kina sauti inayoandikwa kwa ng na ritifaa, kama katika *ng'ombe* na *ng'ambo*. Sauti hiyo imo pia katika majina ya mahali. Miongoni mwa kata za Wilaya ya Meru zimo King'ori na Seela Sing'isi. Kwa msomaji wa Kiswahili ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi. Kwa sheli ni alama ya kufungua mtajo.

Mtumiaji akiandika

mvua --kituo King'ori vipimo.txt

sheli huona mtajo umefunguliwa baada ya *King*, na huendelea kuutafuta mwisho wake. Mstari unakwisha mwisho haujaonekana. Sheli huonyesha alama ndogo mwanzoni mwa mstari mpya na kungoja. Mtumiaji naye hungoja, akidhani programu inafanya hesabu ndefu, kumbe programu haijaitwa.

Hatari zaidi ni pale ritifaa zinapokuwa mbili:

mvua --kituo King'ori --kituo Seela Sing'isi

Hapa sheli hailalamiki. Ritifaa ya King'ori inafungua mtajo, na ile ya Sing'isi inaufunga. Programu inakabidhiwa maneno mawili tu: la kwanza ni *--kituo*, na la pili ni *Kingori --kituo Seela Singisi*, lote likiwa neno moja. Ritifaa zimetoweka na chaguo la pili limemezwa ndani ya thamani ya lile la kwanza. Iwapo programu haikuandikwa kwa uangalifu, itajibu kuwa mvua ya kituo hicho ni sifuri, na mwanafunzi ataandika sifuri katika ripoti.

Nafasi nazo huleta tatizo la namna hiyo. Usa River na Maji ya Chai ni majina ya mahali pamoja kila moja, lakini kwa sheli la kwanza ni maneno mawili na la pili ni matatu. Mtumiaji akiandika *--kituo Usa River*, programu hupata kituo kiitwacho *Usa*, na *River* huchukuliwa kuwa jina la faili.

Mtumiaji huweza kujikinga kwa kuandika "King'ori" na "Usa River" ndani ya alama za mtajo. Lakini mbunifu hapaswi kumtwika mtumiaji mzigo wote. Anaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, kila kituo kipewe jina fupi la kazi lisilo na nafasi wala ritifaa, kama *kingori*, *usa-river* na *maji-ya-chai*, na programu ichapishe jina kamili katika matokeo. Pili, orodha ya majina iweze kusomwa kutoka katika faili, kwa chaguo kama *--vituo-kutoka orodha.txt*. Maandishi yaliyomo ndani ya faili hayapiti mikononi mwa sheli, hivyo King'ori hubaki King'ori. Tatu, programu ikikuta jina isilolijua isitoe sifuri. Ikatae, na katika ujumbe wake ionyeshe neno ililopokea likiwa ndani ya mabano, hivi: *kituo hakijulikani: [Kingori --kituo Seela Singisi]*. Mtumiaji akiona mabano hayo atatambua mara moja neno lake lilianzia wapi na kuishia wapi.

Alama iliyo amri kwa sheli

Mwanafunzi anayetaka siku zenye mvua ya zaidi ya milimita 50 angependa kuandika kama anavyoandika katika daftari la hesabu:

mvua --chuja mm>50 vipimo.txt

Mbunifu anayeifuata tamaa hiyo anaweka mtego. Sheli husoma alama > kuwa ni agizo la kuelekeza matokeo. Hufungua faili mpya iitwayo *50*, na programu hupokea maneno *--chuja*, *mm* na *vipimo.txt*. Kioo hakionyeshi matokeo yoyote, nayo folda ina faili ya ajabu.

Hilo ni kosa dogo. Kubwa ni hili. Ichukuliwe kuwa programu inaruhusu miaka miwili ilinganishwe kwa alama ile ile, na mtumiaji akaandika:

mvua --linganisha 2018.txt>2017.txt

Sheli hutayarisha faili ya matokeo *kabla* ya kuiita programu, na kuitayarisha maana yake ni kuifuta iwe tupu. Vipimo vyote vya mwaka 2017 vinakwisha kabla programu haijasoma hata neno moja. Mahesabu yaliyopotea huweza kurudiwa. Mvua iliyonyesha mwaka 2017 haitanyesha tena ili ipimwe.

Watunzi wa Unix walilitambua jambo hili mapema. Programu ya *test*, inayolinganisha namba, haitumii > wala <. Hutumia *-gt* kwa kubwa kuliko na *-lt* kwa ndogo kuliko. Mbunifu wa Kiswahili naye ana maneno ya kutosha: *--zaidi-ya 50* husomeka vizuri kuliko alama, na hupita kwa sheli salama.

Kwa kanuni hiyo hiyo, thamani zinazoorodheshwa pamoja zitenganishwe kwa mkato, si kwa nukta mkato wala mstari wima. Kipindi cha miaka kiandikwe *2015:2019*. Na pale ambapo thamani zenyewe huweza kuwa na mkato au nafasi, chaguo lirudiwe kwa kila thamani.

Kistari na nchi za kusini mwa Ikweta

Kistari hupita salama kwa sheli, lakini humtatanisha msomaji wa pili, yaani programu yenyewe, kwa sababu huo huo ndio mwanzo wa chaguo. Tatizo hili huwagusa watu wa Tanzania kuliko watu wa Ulaya. Katika ramani za kompyuta latitudo za kusini mwa Ikweta huandikwa kuwa namba hasi. Jiji la Arusha liko karibu na -3.37 kwa latitudo na 36.68 kwa longitudo. Mtunzi wa London akiijaribu programu yake kwa mahali anapoishi ataandika latitudo isiyo na kistari, na hataona kasoro yoyote. Mtumiaji wa Arusha akiandika

mvua -3.37 36.68

programu inayofuata desturi za *getopt* itaona kistari, kisha itaanza kutafuta machaguo yaitwayo 3, nukta, 3 na 7. Jibu litakuwa kwamba hakuna chaguo la namna hiyo.

Joto la mlimani huleta jambo lile lile. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na hadi kileleni Meru kuna kiasi cha mita 3,100 zaidi, yaani tofauti ya nyuzi 20. Usiku ambao mjini ni nyuzi 13, hesabu hiyo hutoa -7 kileleni. Namba hasi basi ni data ya kawaida, na programu iwe tayari kuipokea.

Dawa ni kuifanya namba iwe thamani ya chaguo ambalo *daima* hudai thamani:

mvua --latitudo=-3.37 --longitudo=36.68

Programu ikishajua kuwa *--latitudo* lazima lifuatwe na thamani, haitauliza kama kistari kinachofuata ni cha chaguo jipya.

Faili inayojifanya chaguo

Faili huweza kupewa jina linaloanza na kistari. Mara nyingi hutokea kwa bahati mbaya, kwa mfano mtu anapoandika > *-r* bila kukusudia. Ichukuliwe kuwa folda ina vitu vitatu: faili iitwayo *-r*, faili *2018.txt*, na folda ndogo *kumbukumbu*. Mtu anataka kufuta faili za folda hiyo na kuiacha *kumbukumbu*. Anajua kuwa programu ya *rm* kwa kawaida hukataa kufuta folda, hivyo anaandika bila hofu:

rm *

Sheli hupanua kinyota, na *rm* hupokea *-r*, *2018.txt* na *kumbukumbu*. Neno *-r* kwa *rm* si jina la faili. Ni chaguo lenye maana ya kufuta folda pamoja na vyote vilivyomo. Folda ya kumbukumbu inafutwa, na faili *-r* yenyewe inabaki.

Kinga iliyokubaliwa ni vistari viwili vikisimama peke yake. Maana yake ni kwamba machaguo yamekwisha, na kila neno linalofuata ni jina. Mtu akiandika rm -- * au rm ./* yuko salama. Kila mbunifu anapaswa kuitambua alama hii katika programu yake, hata kama anadhani hakuna atakayeihitaji.

Thamani ya hiari na thamani tupu

Baadhi ya wabunifu hupenda chaguo ambalo mara huwa na thamani, mara halina. Kwa mfano, *--chapa* peke yake ichapishe kwenye kioo, na *--chapa ripoti.txt* ichapishe katika faili. Sasa itazamwe amri hii:

mvua --chapa vipimo.txt

Je, *vipimo.txt* ni faili ya kusomwa au ya kuandikwa? Programu ikikisia vibaya, vipimo vitafunikwa na ripoti. Ndiyo maana kiwango cha POSIX hushauri kuwa thamani ya chaguo isiwe ya hiari. Kila chaguo ama lidai thamani siku zote, au lisidai kamwe.

Thamani tupu nayo ina hila yake. Amri zikiwekwa katika faili, jina la kituo mara nyingi hushikwa na kigezo, kama *$KITUO*. Kigezo hicho kikiwa hakijajazwa, amri *mvua --kituo $KITUO --mwaka 2019* huwa *mvua --kituo --mwaka 2019*, na programu hudhani kuwa kituo kinaitwa *--mwaka*. Mwandishi wa amri aweke kigezo ndani ya alama za mtajo, yaani *"$KITUO"*, ili neno lisitoweke hata likiwa tupu, na mbunifu aifanye programu ikatae jina tupu.

Lipo jambo dogo la kuongeza kuhusu alama ~. Katika sheli nyingi, *--faili ~/vipimo.txt* hupanuliwa kuwa njia kamili ya faili, lakini *--faili=~/vipimo.txt* haipanuliwi, kwa kuwa alama haiko mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo programu ikubali namna zote mbili za kuandika thamani, kwa nafasi na kwa alama ya sawasawa. Namna ya kwanza hufaa majina ya faili, na ya pili hufaa namba hasi.

Muhtasari wa kanuni

1. Chaguo lianze na kistari. Herufi moja kwa kistari kimoja, neno zima kwa vistari viwili.
2. Jina la chaguo na thamani zake za kawaida zisihitaji nafasi, ritifaa, au alama kama * ? > < | ; & $ ( ).
3. Linganisho liandikwe kwa maneno, si kwa alama za hesabu.
4. Chaguo lidai thamani daima au lisidai kamwe.
5. Namba zinazoweza kuwa hasi ziwe thamani za machaguo.
6. Vistari viwili peke yake viheshimiwe kuwa mwisho wa machaguo.
7. Majina yanayoandikwa na watu kwa uhuru yaweze kusomwa kutoka katika faili.
8. Neno lisiloeleweka likataliwe, na lionyeshwe ndani ya mabano.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji programu ya *mvua*. Linahitaji kompyuta yoyote yenye Linux, au simu ya Android iliyowekwa programu ya Termux. Amri ya *printf* huweza kuonyesha maneno kama sheli inavyoyakabidhi. Mwanafunzi aandike:

printf '[%s]\n' --kituo King'ori --kituo Seela Sing'isi

Kioo kitaonyesha mistari miwili:

[--kituo]
[Kingori --kituo Seela Singisi]

Kisha arudie, kila jina likiwa ndani ya alama za mtajo, na alinganishe matokeo.

Mwalimu anayetayarisha karatasi za somo azingatie tahadhari moja. Programu nyingi za kupiga chapa hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hubadilisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Kwa jicho la mtu tofauti ni ndogo. Kwa kompyuta hizo ni alama nyingine kabisa. Amri iliyonakiliwa kutoka karatasi ya namna hiyo haitafanya kazi, na jina la King'ori lenye ritifaa iliyopinda halitalingana na lile lililomo katika faili. Inafaa badiliko hilo lizimwe kabla ya kupiga chapa.

Maswali

1. Programu itapokea maneno mangapi baada ya jina lake katika amri *mvua --kituo Maji ya Chai --mwaka 2019*?
2. Baada ya amri *mvua --zaidi>100 usa.txt*, ni faili gani mpya itakayoonekana katika folda?
3. Latitudo ya Kampala ni takriban 0.3 kaskazini, na ya Nairobi ni takriban 1.3 kusini. Programu inayopokea latitudo bila chaguo itafanya kazi katika mji upi, na kwa nini?
4. Andika amri salama ya kufuta faili moja iitwayo *-r*.
5. Buni machaguo ya programu ya kutunza alama za mitihani ya darasa lenye wanafunzi ambao majina yao yana ng' na nafasi. Eleza sababu ya kila uamuzi.

*Majibu.* (1) Sita. (2) Faili iitwayo *100*. (3) Kampala, kwa kuwa latitudo yake haianzi na kistari. (4) *rm -- -r* au *rm ./-r*. (5) Majibu yatatofautiana. Jibu zuri litampa kila mwanafunzi namba yake, na litayaacha majina kamili ndani ya faili.